Nta Kibazo Mara Tatu

Jirani yangu wa kitanda cha chini alianguka mstarini Jumanne asubuhi, bendera ikiwa bado haijafika juu. Hakulia. Alichuchumaa taratibu kama mtu aliyechoka kusubiri, akalala ubavu kwenye kokoto, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa cheusi, chenye punje punje, kama mashapo ya kahawa. Nilikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Sikumshika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wengine walimshika yeye, mimi nilishika mdomo wangu.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshajua kwamba aliyemwangusha ni mimi. Sikumsukuma wala sikumpa sumu. Niliandika mistari mitatu ya Java, na ndani yake nikaweka maneno mawili ya adabu.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu bwenini kwetu Kinyarwanda kinasomwa na kila mtu, Kiingereza kinasomwa na karibu kila mtu, na Kiswahili tunafundishwa lakini wengi hawana subira ya kurasa tatu za mwandiko wangu. Mama alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi Rwanda na lugha hiyo, akatulea nayo. Kwangu ni lugha ya nyumbani na pia ni kufuli. Mambo nisiyoweza kuyasema kwa sauti huishia humu, na ni mengi. Mgeni akiniuliza jina langu, ninavyolijibu utadhani namuuliza yeye.

Shule yetu ni ya bweni, iko Kigali, mlimani juu ya barabara ya Gatsata. Ukisimama nyuma ya jiko unaona mabasi ya stendi ya Nyabugogo yakiwa madogo kama viberiti. Chakula ni kawunga, yaani ugali wa mahindi, na maharage. Kuna meza moja tu bwaloni, karibu na dirisha la jiko, inayokula tofauti, na inaitwa meza ya rejimu. Hapo wanakaa wenye vidonda vya tumbo na wengine ambao daktari ameandika kwamba maharage yatawaumiza. Wanapewa wali au viazi vya kuchemsha na karoti, bila mafuta, chumvi ya kuhesabu. Ni chakula cha huzuni, lakini ni wali, na mtu aliyekula maharage tangu Septemba akiuona wali haoni huzuni yoyote. Ndiyo maana wa rejimu wanataniwa kila siku.

"Wagonjwa wa mchele hao."

"Kidonda chako kinapenda karoti, eti?"

"Hata mimi tumbo linaniuma. Linaniuma kuelekea dirishani."

Muhula uliopita, siku ya kutembelewa na wazazi, matroni wetu, yule mlezi wa mabweni, aliwakuta wawili wa rejimu nyuma ya madarasa wakila sambusa za pilipili. Akatangaza bwaloni kwamba kuanzia siku hiyo anayekaa kwenye meza ile ni aliye kwenye orodha. Asiye kwenye orodha, hata akija akitambaa, apange foleni ya maharage.

Orodha ilikuwa inaandikwa kwa mkono na muuguzi wa shule, mama mpole aliyekulia Bujumbura, ambaye sisi tunamwita Muganga. Kila asubuhi alipekua karatasi za madaktari kuona nani wiki zake zimekwisha na nani bado. Mwalimu wa kompyuta akasema kazi hiyo ndiyo iwe mradi wa Java wa darasa letu la kidato cha tano, na akanipa mimi. Nadhani alinipa kwa sababu sikuweza kukataa kwa sauti inayosikika.

Lakini lazima nieleze kwanza habari ya rangi nyekundu.

Java ikikutana na jambo isiloliweza, inasimama na kuandika jina la kosa kwa rangi nyekundu. Kosa hilo linaitwa eksepsheni. Mwalimu alituambia kwamba linatupwa, kama mpira, na lisipopata wa kulidaka linapita mikono yote hadi nje, na programu inakufa hapo hapo. Ukitaka isife unaandika try, yaani jaribu, halafu catch, yaani daka. Akasema ziko za aina mbili kubwa. Kuna zile ambazo Java inakulazimisha uzishughulikie kabla haijakubali hata kuanza: ukisema utafungua faili, inakuuliza, je, faili lisipokuwepo? Na kuna zile ambazo haikuulizi kitu. Inakuamini tu. Unategemea namba, unaletewa neno, ndipo unagundua kwamba uliaminiwa bure. Halafu akachora ubaoni ukoo wao wote. Juu kabisa akamweka mmoja anayeitwa Exception, akamwita babu, na chini yake watoto na wajukuu, kila mmoja na jina la kosa lake.

"Ukimdaka mjukuu," alisema, "unajua nani kafanya nini. Ukimdaka babu umewadaka wote, na humjui hata mmoja."

Nilinakili maneno hayo. Nilichosikia mimi ni nusu yake: kwamba yupo mmoja ambaye ukimdaka, umewadaka wote.

Kwa sababu mwezi wa Novemba programu yangu ya kwanza ilionyeshwa kwa projekta mbele ya darasa, na mistari myekundu ikashuka ukutani, mikubwa kama mlango. Darasa likacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mmoja akasema, "Inatoka damu," na mwingine akasema, "Mpelekeni kwa Muganga." Mimi nilisimama pale mbele masikio yakiwaka, na sikuweza kusoma neno hata moja la kile kilichoandikwa. Aliyeinuka ni jirani yangu wa kitanda cha chini. Alitembea hadi ukutani, akachomoa waya wa projekta, akasema, "Samahani, nimeukanyaga," akarudi kukaa. Hakuwa ameukanyaga. Hatukuwahi kuliongelea jambo hilo, yeye si msemaji na mimi ndiyo kabisa.

Siku hiyo niliapa kwamba rangi nyekundu haitatoka tena kwenye kazi yangu.

Programu ya rejimu ilikuwa rahisi. Muganga anajaza jedwali: jina, darasa, ugonjwa, na wiki ngapi daktari ameandika. Asubuhi programu inasoma mstari kwa mstari, inahesabu wiki zilizobaki, na ambaye hazijaisha anaingia kwenye orodha. Printa inachapa, mpishi anabandika dirishani. Kila mstari niliufunga ndani ya try, na kwenye kudaka nikamweka babu mwenyewe:

catch (Exception e) {
    System.out.println("Nta kibazo");
}

Nta kibazo ni kusema hakuna tatizo. Kigali tunasema hivyo mtu akikukanyaga, mvua ikikunyeshea, ukiambiwa urudi kesho na kesho ukaambiwa hivyo tena. Mama yangu husema hivyo hata simu ikikatika, anaiambia simu yenyewe. Niliona ni ujumbe mzuri kuliko ule wa Java. Kosa likitokea, programu itaruka mstari huo, itasema maneno hayo kwa upole, itaendelea na wengine. Mstari uliorukwa ni wa nani, sikujiuliza. Nimejaribu kukumbuka kama nilijiuliza hata kidogo, na hapana. Kwangu mstari ulikuwa mstari.

Siku ya kwanza Muganga aliivalia miwani.

"Imesema nini hapa?"

"Nta kibazo, Muganga."

"Imesema mara tatu." Akacheka hadi miwani ikateleza. "C'est bien, vizuri. Hata mara moja ingetosha, mwanangu, lakini naona imelelewa vizuri."

Nikacheka na mimi. Kila asubuhi baada ya hapo, nikipita chini ya dirisha la zahanati kwenda darasani, alininyooshea vidole vitatu. Mwalimu naye alipoiona akasema haijaanguka hata mara moja, na mbele ya darasa zima akaongeza kwamba wengine wangejifunza kwangu. Niliandika humu kwamba ile ilikuwa wiki nzuri kuliko zote. Ukurasa bado upo.

Wiki hiyo hiyo ilikuwa Jumatano ya Majivu. Na wiki hiyo hiyo jirani yangu wa chini, ambaye tangu kidato cha nne alikuwa akikaa meza ya rejimu, alihamia foleni yetu. Asubuhi alikunywa uji. Mchana alichota kawunga kidogo, maharage akayasukuma pembeni ya sahani, mwishoni akala machache kwa sababu mtu hawezi kuishi kwa kawunga tupu. Jioni alilala mapema, amejikunja, magoti kifuani. Kitanda chetu ni cha chuma, akijigeuza chini mimi natikisika juu. Alikuwa anajigeuza sana.

Niliona yote hayo. Nikaandika: "Ameacha wali kwa ajili ya Kwaresima. Mimi nimeacha sukari tu na tayari nimeshindwa." Nilimwonea wivu.

Nilimuuliza mara moja tu, tukiwa tunafua. "Hukai tena dirishani?"

Alikamua soksi, akaitazama, akaikamua tena. "Nta kibazo," alisema.

Na mimi nikaridhika. Niliyaandika maneno yale kwa mkono wangu kwenye programu, nayasikia kwa mtu aliyekonda shingo mbele yangu, nikaridhika, nikaendelea na shati langu.

Hiyo Jumanne alipoanguka, pikapu ya shule ilimpeleka hospitali, Muganga akaenda naye. Alirudi peke yake saa tano. Nilikuwa nimetumwa zahanati kupeleka sweta la jirani yangu na kadi yake ya bima. Nikasimama mlangoni, kwa sababu ndani Muganga alikuwa anazungumza na matroni, na sipendi kuingia katikati ya maneno ya watu. Aproni ya Muganga ilikuwa na madoa.

"Kidonda kinatoka damu," alisema. "Daktari ananiuliza mtoto amekula nini. Nasema rejimu, wali na karoti. Mtoto mwenyewe anasema maharage. Karibu wiki tatu, maharage. Nani amempa maharage?"

Matroni alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Hakuwa kwenye orodha."

"Haiwezekani."

"Alikuja dirishani siku ya kwanza, mpishi akatazama karatasi, jina hakuna. Akaniita. Nikatazama na mimi, jina hakuna. Nikamwambia aende na wengine. Hakubisha, Muganga. Angebisha ningekuja kukuuliza. Aliinamisha kichwa akaenda. Nikasema moyoni, huyu naye alikuwa anatudanganya."

"Yule?" Muganga alishika meza. "Yule wengine wote watapona kabla yake. Daktari wake ameandika toujours. Maisha yake yote. Niliandika kwenye kompyuta mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu."

"Uliandika wapi?"

Wote wawili wakageuka. Ni mimi niliyeuliza. Nafikiri matroni alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu.

"Pale pa wiki," alisema Muganga. "Si uliniambia niandike wiki ngapi? Sasa maisha yote ni wiki ngapi, mwanangu? Nikaandika toujours."

Nilienda kwenye kompyuta yake nikiwa bado nimekumbatia sweta, nikafungua programu, nikafuta ile try na ile catch yangu, nikaiendesha. Ikafa papo hapo kwenye mstari wake. Kwa rangi nyekundu:

java.lang.NumberFormatException: For input string: "toujours"

Hata mtoto angeelewa. Java ilikuwa inasema nimetegemea namba, nimepewa neno hili hapa, sijui nilifanye nini, nisaidie. Ilikuwa inajaribu kusema hivyo kila asubuhi tangu Jumatano ya Majivu, na ni mimi niliyeiziba mdomo. Ambaye daktari alisema asiguse maharage hadi anakufa, ndiye niliyemtoa.

Matroni alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hii nyekundu ndiyo imeharibu?"

"Hapana," nilisema. "Hii ndiyo ilikuwa sawa."

Muganga akasema, polepole, "Tatu."

Sikumwelewa.

"Inasema mara tatu. Kila siku imekuwa inasema mara tatu. Mimi nikifurahi."

Hapo ndipo nilipopata mshtuko wenyewe, ule wa kwanza ulikuwa mlango tu. Kila nta kibazo ilikuwa mtu. Muganga alikuwa akinionyesha vidole vitatu dirishani, vidole vitatu vilivyonyooka vizuri, na kila kidole kilikuwa na tumbo lake.

Ilikuwa saa sita kasoro. Chakula ni saa sita na nusu. Nilirudisha try na catch, lakini safari hii nikaiambia itaje mstari mzima na kosa lake, isimeze chochote. Vidole vilikosea herufi mara nyingi. Ikaleta mistari mitatu. Wa kwanza tulishamjua. Wa pili alikuwa mvulana wa kidato cha sita, pale pa wiki Muganga alikuwa ameandika "6 sem.", kwa Kifaransa chake, wiki sita, na Java haikuweza kugeuza hiyo nukta na herufi kuwa namba. Wa tatu ni msichana mdogo wa kidato cha kwanza. Kosa lake lilikuwa la aina nyingine kabisa: programu ilitafuta nafasi ya wiki ikakuta hakuna nafasi, mstari umeishia kwenye ugonjwa. Karatasi yake ilikuwa haijarudi kutoka hospitali, Muganga akaacha wazi.

"Nilisema nitajaza ikija," alisema Muganga. Alikuwa amevua miwani.

Makosa ya aina mbili, watu watatu, na mimi nimewadaka wote kwa mkono mmoja wa babu.

Sasa naandika kitu ambacho sijamwambia mtu. Kwa kama dakika moja niliona njia. Ningeweza kusahihisha jedwali, kuchapa orodha mpya, kuipeleka kimya kimya jikoni. Matroni hakuelewa ile nyekundu. Muganga alikuwa anajilaumu yeye na toujours yake, na ningemwachia lawama hiyo aibebe, na yeye angeibeba. Nilichapa orodha. Niliisoma majina yote matatu yakiwemo. Nikaona haitoshi, na si kwa sababu ya wema wangu. Ni kwamba wale wawili walikuwa wameshaacha kutazama dirishani. Wangepanga foleni ya maharage kama jana.

Muganga alirudishwa hospitali na pikapu. Matroni alienda ofisini kuwapigia wazazi. Nikashuka jikoni na karatasi.

Mpishi mkuu aliisoma akiwa ameishika mbali na mvuke. "Dada, hapa iko watu mingine. Huyu na huyu. Hawa iko wapi? Mimi sijui sura yao."

"Wako kwenye foleni."

"Basi waite."

"Mimi?"

"Kwani ni mimi nimeandika kompyuta?" Hakusema kwa ukali. Akanipa mwiko mkubwa na mfuniko wa sufuria. "Piga. Watanyamaza."

Nilipiga. Bwalo zima likanyamaza na kunitazama, na masikio yangu yakaanza kuwaka kama Novemba. Nilitaja majina mawili. Sauti ilitoka nyembamba, nikayataja tena. Kutoka nyuma mtu akasema, "Wagonjwa wa mchele wanaongezeka," na kicheko kikapita kwenye meza kama upepo.

"Hawajaongezeka," nilisema. "Walikuwepo. Programu ya orodha ni yangu. Iliwatoa hawa wawili na yule aliyeanguka leo asubuhi. Ilikuwa inasema, nikaandika isiseme. Daktari hajawatoa. Ni mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Nilitamani wacheke.

Msichana wa kidato cha kwanza alikuja akiwa tayari na sahani ya maharage mikononi, ameishika kwa mikono miwili kama anaileta sadaka. Ni mdogo, kola ya shati inamzidi shingo. Akaniangalia kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo siwezi kuisahau. "Dada," alisema, "mimi nilidhani nimepona."

Mvulana wa kidato cha sita hakuharakisha. Alisimama mbele yangu, mrefu, akanikagua. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu saa tano."

Akafikiria. "Mimi nilikwenda kwa matroni mara mbili," alisema. "Akaniambia kompyuta haidanganyi." Akachukua sahani yake ya wali, akaketi akinipa mgongo. Ni haki yake.

Mwalimu wa kompyuta nilimweleza alasiri hiyo, nikiwa naangalia viatu vyake. Nilitegemea agombe. Alivuta kiti akaketi, akasema, "Nilimwona babu pale kwenye programu yako. Nilimwona siku ya kwanza. Nikasema nitamrekebisha baadaye, kwa sababu haikuwa inaanguka." Sikujua mwalimu anaweza kusema kitu kama hicho kwa mwanafunzi. Tukakaa mbele ya skrini bila mmoja kumtazama mwenzake.

Jirani yangu alirudi baada ya wiki moja na siku mbili. Alikuwa mwepesi; alipoketi kitandani chuma hakikulia. Nilishuka nikakaa sakafuni, mgongo kwenye sanduku lake, ili nisimtazame usoni, na nikamwambia yote kwa mpangilio: babu, maneno mawili, vidole vitatu. Nilikuwa nimeyaandika kwanza humu na kuyakariri.

Akasema, "Nilijua ni matroni. Nilimchukia mpaka nikamwota."

"Kwa nini hukumwambia Muganga?"

"Nilisema labda wamechoka na mimi. Wengine wanaandikiwa wiki mbili, wiki nne. Mimi maisha. Kila muhula mimi. Nikasema labda wamekaa wakaamua inatosha." Akavuta blanketi. "Na wewe kwa nini hukuniuliza? Unalala juu yangu."

"Nilikuuliza. Ukasema nta kibazo."

"Ukaamini?"

"Nilidhani umefunga. Kwaresima."

Hapo akainuka kwa kiwiko akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwaresima? Mimi ni Msabato."

Nikageukia kufuli la sanduku lake.

"Tangu kidato cha nne unaniona nakwenda ibada Jumamosi. Unanishikia ufunguo wa sanduku. Kila Jumamosi."

Ni kweli. Kila Jumamosi natoa mkono, ananiachia ufunguo, namrudishia mchana. Nilijua anakwenda wapi. Nilikuwa nayo yote mkononi na sikuunganisha. Alianza kucheka, akashika tumbo, akasema, "Usinichekeshe, kinauma," na mimi nilikuwa sichekeshi, nilikuwa nalia, kwa sauti, bwenini, saa tisa mchana, watu wakipita na ndoo.

Programu sasa ni tofauti. Mwalimu alinionyesha kwamba unaweza kuzaa eksepsheni yako mwenyewe, mtoto mpya kwenye ukoo ule, na kumpa jina. Wangu anaitwa WikiHazijulikani. Nafasi ya maisha yote ina safu yake yenyewe, Muganga anaweka alama tu. Na mstari wowote usiosomeka, programu inasimama, inaandika jina la mtu kwa rangi nyekundu, na haichapi orodha hata kidogo mpaka mtu huyo ajulikane. Mwalimu aliniuliza kama nina hakika, kwa sababu itasimama mara kwa mara na kila ikisimama nitaitwa mimi. Nikasema nina hakika. Sauti ilitoka kama swali, lakini ilitoka.

Ilisimama Alhamisi iliyopita. Kiranja alikuja hadi mlango wa darasa letu akatangaza mbele ya wote, "Mwenye kompyuta ya maharage anaitwa." Nikatembea uwanja mzima peke yangu.

"Imevunjika, mwanangu," alisema Muganga.

"Haijavunjika, Muganga. Isome."

Akavaa miwani, akasoma jina, polepole. Mtoto wa kidato cha pili, amejiunga juzi. Pale pa wiki palikuwa na alama ya kuuliza. "Daktari mwandiko wake sikuuona vizuri," alisema. "Nikaweka hiyo."

"Basi tumpigie."

"Na orodha?"

"Inasubiri."

Simu ililia muda mrefu upande wa pili. Nilishuka kusimama kwenye dirisha la jiko, kwa sababu lazima mtu asimame pale kueleza. Meza nzima ya rejimu ilikuwa imekaa bila sahani. Mvulana wa kidato cha sita alikuwa anagonga meza kwa kijiko, taratibu. Kutoka foleni ya maharage wakauliza kama leo mchele nao umefunga.

"Wali inapoa, dada," alisema mpishi.

"Najua."

"Nipe hata ya jana nibandike."

"Siwezi."

Nilikuwa nawaka hadi shingoni, bwalo zima likinitazama, na hapakuwa na waya wa kuchomoa. Jirani yangu alikuwa kwenye meza yake, mikono mapajani, ananitazama pia, kwa utulivu ule ule. Hakuinuka kunisaidia. Nadhani alijua safari hii haifai.

Muganga akaja akitweta na karatasi ikiwa bado na joto la printa. "Wiki nne," alisema. "Ilikuwa nne."

Mpishi akaibandika. Wa rejimu wakaja dirishani mmoja mmoja, na jirani yangu akaja wa mwisho. Siku hizi haendi moja kwa moja kwenye sahani. Anaweka kidole juu ya karatasi, anakishusha jina kwa jina, bila haraka, hata foleni ikimkemea, mpaka kinafika kwake.

"Nipo," alimwambia mpishi, ambaye hakuwa amemuuliza.